Mbunge anashtakika, Rais je?

Wadau, kwenye somo la Uraia tulikaririshwa mihimili mitatu: Serikali, Bunge na Mahakama, kila mmoja unamchunga mwenzake. Ukiandika hivyo unapata maksi. Sasa fungua Katiba yetu ya 1977, ibara ya 41(7): Tume ya Uchaguzi ikishatangaza nani kachaguliwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuuchunguza uchaguzi huo. Basi, kesi imeishia hapo!

Ubunge haupo hivyo. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilimvua Godbless Lema ubunge wa Arusha Mjini, Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikamrudishia. Jimbo moja majaji wamelikalia mara mbili, urais wa nchi nzima hata mara moja hairuhusiwi.

Wanaoitetea wanasema kesi itaacha nchi bila kiongozi. Si iwekwe muda tu jamani? Kenya majaji wana siku 14, na Septemba 1, 2017 walifuta uchaguzi wa rais, ukarudiwa Oktoba.

Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika, iliyopo hapo hapo Arusha, ilisema ibara yetu inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Bado ipo. Na mwenyekiti wa Tume, ambaye neno lake ndio la mwisho, anateuliwa na nani? Rais.