Jenga Ndege kwa Ramani, Kisha Uimalize

Wengi wetu tunaopenda teknolojia tukisikia "ndege ya rimoti" tunawaza droni ya kununua. Unafungua boksi, unachaji betri, unairusha. Hakuna ubaya. Lakini leo nataka kutetea njia ndefu zaidi: tafuta ramani ya ndege kubwa ya rimoti, uijenge mwenyewe kwa mbao, kisha uimalize. Hilo neno la mwisho ndilo lenye kazi.

Tuchukue mfano mmoja ili tusiongee hewani. Piper Super Cub ni ndege ndogo ya Marekani iliyoanza kutengenezwa mwaka 1949. Huku kwetu inajulikana kwa sababu ni mojawapo ya ndege zinazopiga doria ya wanyamapori kule Tsavo. Mabawa yake, ncha hadi ncha, ni kama mita 10.7. Ukiijenga kwa kipimo cha robo unapata mabawa ya karibu mita 2.7. Hiyo si kitu cha kuchezea, na ndiyo maana mabawa yake hutengenezwa vipande viwili vinavyochomoka ili yaingie kwenye gari.

Kwa nini kubwa namna hiyo? Jibu liko kwenye hesabu. Ukipunguza urefu hadi robo, eneo linapungua hadi 1/16 na uzito hadi 1/64. Super Cub halisi inaruhusiwa kupaa ikiwa na kilo 794. Gawa kwa 64, unapata kilo 12.4. Eneo la mabawa yake ni mita mraba 16.6, gawa kwa 16, unabaki na mita mraba 1 na kidogo. Sasa ukiweza kujenga ya kilo 9, kila mita mraba ya bawa inabeba chini ya kilo 9, wakati kwenye ndege halisi inabeba karibu kilo 48. Ndiyo maana inatua polepole kama mtu anayejua anakokwenda, na upepo haiirushi ovyo kama vile vindege vidogo.

Sasa tuje kwenye ramani yenyewe. Msomaji unayeandika programu utanielewa haraka: ndege ya boksi ni programu iliyokwisha kukusanywa, ramani ni msimbo wake. Ya kwanza unaitumia tu. Ya pili unaweza kuisoma, kuuliza kwa nini mhimili wa bawa umewekwa pale, na kubadilisha. Lakini ukibadilisha ubavu mmoja wa bawa, mbavu nyingine zote zinakudai. Hakuna kitufe cha kurudi nyuma kwenye mbao iliyokatwa.

Na kama msimbo wowote, ramani inaweza kuharibika ikiwa njiani. Utahitaji kuichapisha kwenye yale maduka yanayochapisha ramani za majengo, kwa sababu bawa moja lina zaidi ya mita 1.3 na karatasi ya A0 inaishia sentimita 118.9. Mashine ikipunguza mchoro kwa asilimia 1 tu, mabawa yako yamekosa milimita 27. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ni kuchukua rula, kupima kipimo kilichoandikwa kwenye ramani, na kulinganisha. Ifanye kabla ya kununua hata kijiti kimoja cha balsa, maana hiyo mbao inatoka mbali. Sehemu kubwa ya balsa ya dunia hutoka Ecuador, na mwaka 2020 bei yake ilipanda sana kwa sababu watengenezaji wa mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo waliigombania.

Kuna jambo lingine ambalo ramani haitakuambia. Nyingi zilichorwa na watu wa Uingereza na Marekani wanaorushia karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 hata siku ya baridi, na jua likiwaka inapungua zaidi. Maana yake ni kwamba ndege ileile yenye uzito uleule inahitaji mwendo wa karibu asilimia 9 zaidi ili isianguke, na injini ya mafuta inayovuta hewa hiyohiyo inakuwa na nguvu pungufu. Jamaa wa Mombasa anaweza kusamehewa gramu 500 za ziada. Sisi wa bara tutazilipia siku ya kutua.

Haba na haba hujaza kibaba, na kwenye ndege kibaba ni uzito. Mimi nashauri uandike bajeti ya gramu kabla ya bajeti ya shilingi. Mfano wa ndege yetu ya kilo 9: mbao na gundi kilo 3.5, injini na mafuta au betri yake kilo 2.2, servo na vyombo vya umeme kilo 1.2, magurudumu na miguu kilo 0.8, kitambaa na rangi kilo 0.8, akiba kilo 0.5. Weka mizani mezani. Kila kipande kipimwe kabla ya kugundishwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye kumaliza, sehemu inayoua ndege nyingi kabla hazijaona anga. Sisi waandishi wa programu tuna mzaha wa zamani: asilimia 90 ya kwanza ya kazi inachukua asilimia 90 ya muda, na ile 10 iliyobaki inachukua asilimia 90 nyingine. Kiunzi cha mbao kikisimama mezani kinapendeza, wageni wanakisifu, na mjenzi anaona kama amefika. Bado hajafika. Hajapiga msasa, hajavuta kitambaa kwa pasi, hajapaka rangi, hajaunganisha nyaya, hajatafuta mizania.

Watu wengi hudhani umaliziaji ni urembo. Nakataa. Umaliziaji ni uhandisi kama ule wa mwanzo. Ndege hii ina karibu mita mraba 4 za kufunika, mabawa juu na chini, kiwiliwili na mkia. Tabaka moja la rangi lenye gramu 60 kwa kila mita mraba linaongeza gramu 240. Piga matabaka matatu kwa kupenda kung'aa, umekula karibu bajeti yote ya kitambaa na rangi. Mbaya zaidi ni rangi ya mkiani. Super Cub ina pua fupi na mkia mrefu. Kama mkia uko mbali mara tatu na kitovu cha uzito kuliko pua, gramu 50 za rangi mkiani zinadai gramu 150 za risasi puani ndipo ndege isawazike. Umeongeza gramu 200 kwa ajili ya mng'ao ambao hakuna atakayeuona ndege ikiwa mita 80 juu.

Halafu kuna usalama, na hapa sitaki mzaha. Ndege ya kilo 9 ikiwa na mwendo wa kilomita 60 kwa saa inagonga kama mzigo wa kilo 9 ulioangushwa kutoka mita 14, yaani kama ghorofa ya nne. Na propela inazunguka mbele. Kwa hiyo kumaliza ni pamoja na kupima umbali wa mawimbi ya rimoti chini kabla ya kupaa, kuhakikisha kipokezi kikipoteza mawimbi kinazima nguvu ya injini, kuvuta kila bawaba kwa vidole, na kutafuta mtu aliyezoea akusimamie mara ya kwanza. Kwa upande wa sheria, Kenya ina kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020 zinazosimamiwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Waulize kabla ya kuagiza chochote nje na kabla ya kurusha. Uwanja wa shule uliojaa watoto si mahali pake hata siku moja.

Najua mtu ataniambia: kwa pesa hizo si ningenunua droni yenye kamera nifanye biashara ya kupiga picha harusi? Nunua. Kama shida yako ni picha, droni ndiyo jibu. Mimi nazungumzia kitu kingine. Vijana wetu wengi wanafundishwa kwamba teknolojia ni skrini peke yake. Wanaandika programu ambazo hazijawahi kushika uzito, joto wala upepo. Wanaanza miradi kumi, wanaonyesha picha za mwanzo, kisha wanahamia wa kumi na moja. Kwenye programu unaweza kutoa toleo lenye hitilafu na kuahidi kurekebisha wiki ijayo. Kwenye ndege ya kilo 9 hakuna wiki ijayo. Ama imemalizika ama haipai.

Ndiyo maana naona shule moja yenye karakana, au kikundi cha marafiki watano wanaochanga, wangefaidika sana na mradi wa namna hii. Mmoja anajua mbao, mwingine umeme, mwingine hesabu, mwingine ana subira ya msasa. Wakimaliza watakuwa wamejifunza kitu ambacho waajiri wetu wanalia hakipatikani: kubaki na kazi hadi mwisho hata ile sehemu ya kusifiwa ikiwa imepita.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Je, wewe una kiunzi gani kilichoning'inia ukutani, cha mbao au cha msimbo, na kimebakiza nini?