Mswada Usiosomeka Siongiroi: Kiswahili na Utawala wa Kaunti

Aghalabu mijadala kuhusu utawala bora mashinani huishia katika hulka za viongozi: nani mwadilifu, nani mla rushwa. Makala haya yanadai kwamba kanuni zinazoliongoza baraza zina uzito kuliko hulka za wajumbe wake, na kwamba kanuni hizo hupoteza nguvu pale ambapo mtawaliwa hawezi kuzisoma.

Tuitazame wadi ya Siongiroi, eneobunge la Chepalungu, katika Kaunti ya Bomet. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, mkazi wake alikuwa chini ya baraza la madiwani lililoendeshwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Sheria ndogo za baraza zilihitaji idhini ya Waziri aliyeketi Nairobi. Diwani alichaguliwa na wanakijiji, lakini macho yake yalielekea kwa Waziri.

Katiba iliyoidhinishwa katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 ilibadilisha mkondo huo. Kaunti zetu hazina katiba zao zenyewe, jinsi majimbo ya Marekani yalivyo nazo. Katiba yao ni Sura ya 11 ya Katiba ya nchi. Humo, Kifungu cha 196 kinalilazimisha Bunge la Kaunti kufanya vikao vyake hadharani na kuushirikisha umma katika utungaji wa sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikateremka hadi kijijini, ikaweka baraza lenye msimamizi na wazee wasiopungua 3 wala kuzidi 5. Kwa maandishi, ni mpango wa kupendeza.

Lakini maandishi hayo ni ya nani? Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, miswada na bajeti za kaunti hutolewa aghalabu kwa Kiingereza pekee. Chukua mfano wa mama auzaye mboga sokoni, anayetozwa ada kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya kaunti. Anaalikwa kutoa maoni juu ya mswada asioweza kuusoma. Afisa anamsimulia muhtasari, naye hana njia ya kujua kilichoachwa nje. Kisha anatia sahihi katika orodha ya mahudhurio, na orodha hiyo inakuwa ushahidi kwamba umma umeshirikishwa!

Yupo atakayeuliza: mbona Kiswahili, ilhali wenyeji ni Wakipsigis? Hoja hii ina mashiko. Kokwet, baraza la jadi la ujirani, halikuhitaji mfasiri, na mjadala wa mdomo hauna budi kuendelea kwa lugha ya wenyeji. Lakini hati ni jambo jingine. Kiswahili ndicho lugha rasmi ambayo kijana aliyemaliza shule ya msingi anaweza kumsomea nyanyake, akimfafanulia kwa Kikipsigis. Kule Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji, unaowajumuisha watu wazima wote, huendeshwa kwa Kiswahili. Hata hivyo sheria zenyewe ziliendelea kwa kiasi kikubwa kuandikwa kwa Kiingereza hadi marekebisho ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Hata jirani aliyetutangulia alichelewa.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kulalamika kwamba lugha yetu imedunishwa, huku tukirundika tasnifu juu ya riwaya zilezile. (Nami ni mtu wa fasihi, nasema haya kwa uchungu.) Idara zetu zingeweza kuifanya tafsiri ya bajeti ya kaunti kuwa zoezi la mwaka wa tatu. Kisheria, makadirio hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo darasa lina takriban miezi miwili. Lianze na kurasa zinazotaja wadi, ada za soko na barabara, na nakala zibandikwe sokoni Siongiroi kabla ya kikao cha maoni.