Nani Alikuambia Kuhusu Moyo Wako?

Kijana mwenzangu, hebu kumbuka siku ile ulipokunja mkono wa shati ukadungwa chanjo ya Korona. Nani alikuambia chochote kuhusu moyo wako? Mimi niliulizwa nambari ya kitambulisho na nambari ya simu. Basi. "Haya, anayefuata!"

Juni 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kwenye chanjo za Pfizer na Moderna: mara chache sana, misuli ya moyo huweza kuvimba. Madaktari huita mayokaditisi. Waliopatwa zaidi ni sisi, vijana wa kiume, siku chache tu baada ya dozi ya pili. Hesabu za huko wakati ule zilikuwa kama visa 40 kwa kila dozi za pili milioni moja walizopewa wanaume wa miaka 12 hadi 29. Moderna ya msaada kutoka huko huko Marekani ilitua kwetu Agosti. Miezi miwili baada ya onyo! Dozi zilifika, lakini kwenye foleni yangu onyo halikufika.

Novemba serikali ikaja na vitisho: usipochanjwa kufikia Desemba 21, hakuna huduma za serikali kwako. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Na Sheria ya Afya ya 2017 ipo, inasema mtu aelezwe manufaa na hatari kabla hajakubali. Kututisha wanajua, kutueleza kunawashinda.

Lakini usidhani niko na wale wa WhatsApp. Nimebishana nao maskani hadi usiku wa manane. Visa 40 katika milioni si "chanjo inamaliza vijana". Wengi wa waliougua walipona kwa matibabu na mapumziko. Na Korona yenyewe huvimbisha moyo, kwa jumla kuliko chanjo. Anayekuficha habari hii na anayekutumia video ya mchezaji akianguka uwanjani, wote wawili wanakuona mtoto. Na huyu wa pili anapata soko kwa sababu yule wa kwanza alinyamaza.

Kwa hivyo chanjo yoyote ile, uliza: inaitwaje, madhara yake ni gani, dalili zipi zinirudishe hospitali? Muuguzi akikukunjia uso, uliza tena. Si ufidhuli.

Kwa hii ya moyo, dalili ni kifua kuuma, kukosa pumzi, moyo kwenda mbio au kupiga ovyo, hasa wiki ya kwanza. Usikubali kuambiwa "ni gesi tu" ukarudi nyumbani kulala. Taja tarehe uliyodungwa na jina la chanjo, itisha upimwe damu na umeme wa moyo. Ikithibitishwa, mpira uweke kando kwanza, kwa kawaida miezi 3 hadi 6, mpaka daktari akuruhusu, maana moyo uliovimba unaweza kukuangusha ukikimbia. Kocha akinuna, anune.