Msitupe tisheti, tupeni saa mbili za mashine

Sema "fare ni ngapi?" polepole. Ukimaliza, kuna gari limeshatoka sufuri hadi kilomita 100 kwa saa. Linaitwa Mythen. Lilifanya hivyo Septemba 2023 huko Dübendorf, Uswisi, kwa sekunde 0.956, na waliolijenga ni wanafunzi wa ETH Zurich pamoja na wenzao wa chuo kimoja cha Lucerne. Wanafunzi, buda. Watu wa kukesha wakingoja CAT ya asubuhi.

Lina uzani wa kilo 140 hivi, juu kidogo tu ya boda boda ya kawaida, lakini nguvu zake ni za farasi 326. Chini wameliwekea mtambo wa kufyonza hewa, kama ile mashine ya kusafisha kapeti, ili ling'ang'anie barabara lisiteleze likiondoka. Mota za kwenye magurudumu walizibuni wenyewe.

Nilipoonyesha mbogi yangu hiyo video, nilijibiwa vile nilivyotarajia: "Wazungu wako na doo." Wako nayo, sikatai. Lakini ukifuatilia vile hao wanafunzi wanasaidiwa, utaona pesa taslimu ni sehemu tu ya hadithi.

Timu hizo hutoka kwenye mashindano ya Formula Student. Yalianza Marekani 1981 kwa jina Formula SAE, Uingereza ikaanzisha yake 1998, na leo vyuo vya nchi nyingi vinashiriki. Wanafunzi wanabuni gari dogo la mbio la kiti kimoja, wanalijenga, kisha wanakuja kulitetea. Nasema kulitetea kwa sababu kati ya pointi 1,000, pointi 325 hutolewa gari likiwa limezimwa: 150 za ubunifu, 100 za kueleza kila kipande kiligharimu ngapi, na 75 za kuwauzia majaji wazo la biashara. Halafu ndiyo linakimbizwa. Mtihani mkubwa ni mbio za kilomita 22 hivi, dereva akibadilishwa katikati, na hapo magari mengi hukata roho. Anayetumia petroli haruhusiwi injini ya kupita cc 710, na hewa yote inayoingia lazima ipite kwenye tundu la milimita 20. Kwa maneno mengine, injini ya pikipiki inatosha. Injini za pikipiki zimejaa Nairobi hii.

Sasa kampuni za huko huja vipi? Moja inatoa mabati ya alumini. Nyingine inawapa programu za kuchorea na kupimia bila malipo. Nyingine inawaachia mashine zake Jumamosi. Nyingine inamtuma injinia wake aje akae na watoto awaambie mchoro wao ni takataka, warudie. Na wala si sadaka. Kijana ambaye ameshachoma vyuma akavunja, akajua kwa nini vimevunjika, huyo unamwajiri Jumatatu na Jumanne anafanya kazi. Kampuni inajitafutia wafanyakazi mapema.

Mimi najua upande wetu kwa sababu niliupitia. Nilisoma uhandisi wa mitambo mpaka mwaka wa tatu, kisha karo ikanishinda nikatoka. Kabla ya hapo tulikuwa wasee sita tuliotaka kujenga gari kama hilo, dogo, la kujaribia tu. Tuliandika barua 18 kwa kampuni. Tatu zilijibu. Moja ilituita ofisini, tukavaa mashati, tukapewa chai na mandazi. Tukatoka na tisheti 12 na bango. Tukasimama mbele ya bango tukapigwa picha, picha ikapanda kwenye ukurasa wao na maneno matamu kuhusu kuinua vijana. Baada ya hapo simu zetu hazikuchukuliwa tena.

Wiki hiyo hiyo tulienda Kariobangi Light Industries kutafuta mtu wa kututengenezea habu za magurudumu ya mbele. Mzee mmoja mwenye mashine ya leithi alitutazama, akaangalia mchoro wetu, akauliza: "Kijana wangu, hii shimo unataka ibane beringi ama iteleze?" Tukanyamaza. Tulikuwa tumeandika kipimo kimoja tu, kama watu wanaonunua kitambaa. Akatufundisha hapo hapo, kwa chaki juu ya bamba la chuma, kwamba kipande kinachobana na kinachoteleza vinatofautiana kwa unywele, na huo unywele ndio kazi yenyewe. Miaka mitatu ya chuo, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo nikiwa nimeshika chuma mkononi. Kisha akasema tulete chuma yetu, tukuje jioni wateja wakiisha, atatukatia. Hakutulipisha. Sisi tulimnunulia supu.

Kwa hivyo watu wakisema viwanda vya Kenya havisaidii wanafunzi, mimi huuliza: viwanda gani? Wa jua kali husaidia, na mfukoni hana kitu. Wenye mashine za kompyuta na bajeti ya matangazo ndio hutoa tisheti.

Niwe mkweli pia, barua yetu ilikuwa mbovu. Tuliomba "msaada wa kifedha" wa shilingi milioni moja na nusu, bila mchoro, bila orodha ya vipande, bila kusema kampuni itapata nini. Ningekuwa mimi yule meneja, labda pia ningetoa tisheti. Tungeomba mabomba ya chuma mita 30 na saa mbili za mashine, ingekuwa ngumu kidogo kutukataa. Na hakuna mhadhiri aliyetuambia hivyo, maana kwao ule mradi haukuwa na alama.

Kuna swali ambalo huulizwa kila mara: kwa nini gari la mbio, si trekta, si matatu? Sawa, trekta ni muhimu kuliko. Lakini gari la mbio lina tarehe ya mashindano, na tarehe haikungojei. Lina majaji wasiokujua. Ni dogo, na likiharibika hakuna shamba la mtu limekosa kulimwa. Na tusijifanye hatupendi mbio. Safari Rally iliporudi kwenye ratiba ya dunia 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, nusu ya vijana wa mtaa wangu walikuwa Naivasha wakimeza vumbi.

Hii nchi imewahi kujaribu kitu kikubwa zaidi. Mwaka 1986 Rais Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, na 1990 yakazinduliwa magari ya Nyayo Pioneer, matano, moja likafika kilomita 120 kwa saa. Pesa za kuyazalisha zikakosekana. Watu hucheka hiyo hadithi, mimi hainichekeshi. Iliegemea serikali peke yake, na serikali ilipochoka, gari likachoka. Uganda nayo serikali ilitia pesa, ila ilikaa pale pale. Wanafunzi na wahadhiri wa Makerere waliunda Kiira EV 2011, na kutoka hapo ikazaliwa Kiira Motors, inayounda mabasi ya umeme. Sisi tunayatazama kwenye simu.

Na hapa kwetu vitu viko. Isuzu wanaunganisha malori Nairobi, KVM iko Thika, AVA iko Mombasa, Roam wanatengeneza pikipiki za umeme hapa hapa Nairobi. Kila mwajiri tayari hulipa NITA Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo, na anaweza kudai sehemu irudishwe akifunza watu wake. Mbona asiweze kudai pia kwa saa alizowapa wanafunzi kwenye mashine, kukiwa na mchoro na kipande cha kuonyesha? Hiyo ni fomu tu ya kubadilishwa. Vyuo navyo viipe miradi hii alama, na atachi isiwe ya kutumwa kununua mandazi na kupanga faili.

Gari letu halikukamilika. Tulikuwa na fremu, habu mbili na injini ya pikipiki iliyopata ajali. Breki ndizo zilitushinda bei, na bila breki hatungemkalisha mtu humo. Mimi nikatoka chuo, wengine wakamaliza, mmoja anauza bima.

Mwezi jana nilipita Kariobangi. Fremu bado iko nyuma ya kibanda cha mzee, amekataa kuiuza kwa wa chuma chakavu ingawa wamemwomba mara nyingi. Ameitundika ovaroli zake. Akaniuliza kama nilirudi shule, nikasema bado. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wale watu wa tisheti waliwahi kupiga simu.