Neno la Mhariri: Kichina Kipitie Kiswahili

Katika ufuko wa Takawiri, kisiwa cha Kaunti ya Homa Bay kilicho jirani na Mfangano, asubuhi ni wakati wa kuhesabu. Mitumbwi iliyokesha ziwani ikivua omena inarudi na taa zake. Mbuta wanapimwa kwa kilo. Omena waliokauka wanauzwa kwa gorogoro, kwa debe au kwa gunia. Mwanafunzi wa kisiwani anayetaka kuyasema haya yote kwa Kichina atakwama mapema, na si kwa sababu ya toni wala herufi tu. Samaki mmoja ni yì tiáo yú. Mtumbwi mmoja nao ni yì tiáo chuán. Lakini wavu ni yì zhāng wǎng, taa ni yì zhǎn dēng, na kisiwa chenyewe ni yí zuò dǎo. Kila mara, kati ya namba na nomino, pana neno la tatu.

Wanaisimu huyaita maneno hayo viainishi. Kichina kina mamia yake, ingawa yanayotumika kila siku ni makumi machache tu, na mengi yana mantiki inayoonekana kwa macho. Tiáo huhesabu vitu virefu, hasa vinavyopindika: samaki, mto, barabara, hata suruali. Zhāng ni ya vitu vyenye uso bapa, kama karatasi, meza na kitanda. Bǎ ni ya vile vinavyoshikwa kwa mkono: kisu, mwavuli, kiti.

Toleo hili linahusu kujifunza lugha za mbali, na msimamo wake ni mmoja: Mkenya afundishwe viainishi vya Kichina kwa kupitia Kiswahili, si Kiingereza.

Kichina si kigeni tena katika elimu ya Kenya. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2005, ilikuwa ya kwanza barani Afrika. Januari 2019, wakuza mitaala walitangaza kwamba Kichina kingefundishwa kuanzia darasa la nne. Tatizo ni mlango ambao mwanafunzi huingilia. Akikijia Kichina kupitia Kiingereza, lugha inayotaja namba na kitu basi, neno la katikati litaonekana kuwa kituko cha Wachina, jambo la kukaririwa orodha baada ya orodha.

Kumbe mzungumzaji wa Kiswahili amezoea kuhesabu akijua kwanza anahesabu kitu cha aina gani. Watu watatu, vitabu vitatu, miti mitatu, kuta tatu: namba yenyewe inafuata ngeli. Tena ngeli ya U-ZI, pamoja na mengine mengi iliyoyabeba, imekusanya vitu vyembamba na virefu kama uzi, ufagio, wembe na ukambaa. Hilo ni jicho lile lile lililowaweka samaki na barabara chini ya tiáo. Na anayejua kumgeuza mtu kuwa jitu au kijitu hatashangaa kusikia kwamba mwalimu wa Kichina huhesabiwa kwa wèi, neno la heshima, badala ya gè la kawaida.

Takawiri inaongeza funzo jingine. Dholuo, lugha ya nyumbani kwa wengi kisiwani leo, haina ngeli: ji ariyo ni watu wawili, dhok ariyo ni ng'ombe wawili, udi ariyo ni nyumba mbili, na ariyo haibadiliki. Lakini visiwa hivi ni vya Wasuba, na Kisuba ni lugha ya Kibantu ambayo kwa sehemu kubwa imeipisha Dholuo. Kituo cha jamii cha Mfangano kinaitwa Ekialo Kiona, jina la Kisuba lenye maana ya dunia nzima, na ile ki- ya neno la kwanza inaitikiwa na ki- ya neno la pili, sawasawa na kijiji kizima. Mtoto wa hapa amezungukwa na njia mbili za kuzipanga nomino kabla hajasikia Kichina.

Ulinganisho huu una mipaka, na mwalimu asiifiche. Ngeli huambatana na nomino na kuenea katika sentensi nzima, hadi kwenye kitenzi. Kiainishi hujitokeza hasa katika kuhesabu na kuonyesha, kama katika zhè tiáo yú, samaki huyu. Pia makundi hayalingani. Kiswahili kinamhesabu samaki pamoja na mtu kwa kuwa ana uhai. Kichina kinatazama umbo la mwili wake. Wavu, ambao kwetu umo kundi moja na ufagio, kwa Wachina umo pamoja na karatasi na meza. Na samaki huyo huyo akikatwa, kipande chake huacha tiáo na kuchukua kuài.

Mwanafunzi anayeanza hukimbilia gè, inayotumika kwa vitu vingi, hata pasipostahili. Si vibaya: ataeleweka sokoni, na watoto wa Kichina wenyewe huitegemea sana wanapojifunza kusema. Ila asiishie hapo. Akipewa samaki, mtumbwi, mto na suruali kwa pamoja, akaulizwa vinafanana nini, tiáo atakuwa ameigundua mwenyewe.

Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na vyuo vya Beijing vimekuwa vikiifundisha lugha yetu kwa zaidi ya miaka 60, ngeli zikiwamo. Wataalamu wa kuzikutanisha lugha hizi mbili wapo pande zote. Wakuza mitaala na wachapishaji wa Kenya wawaite, na kitabu cha kwanza cha Kichina atakachopewa mwanafunzi kiwe na maelezo ya Kiswahili.