Saa Inasogea Jumapili, Anza Alhamisi

Kila Machi ni wimbo uleule. Jumatatu baada ya saa kusogezwa mbele, ndugu zetu walioko Marekani na Ulaya wanaamka na macho mekundu, watoto wamenuna mezani, basi la shule limeshapita, na kwenye makundi ya WhatsApp kila mtu anailaumu serikali kwa kumwibia saa moja. Ukiuliza nani alijiandaa, kimya.

Tumechoka kuyasikia hayo. Tarehe si siri. Karibu Marekani yote, saa husogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudishwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, na imekuwa hivyo tangu 2007. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Labda uwe unaishi Hawaii au sehemu kubwa ya Arizona, ambako saa haziguswi. Vinginevyo jambo hili litakufikia, na ukiwa na kalenda unaweza kutaja leo hii litakufikia lini mwaka 2030. Kungoja Jumatatu ndipo uanze kurekebisha usingizi ni kuchambua mchele wageni wameshakaa mkekani.

Dawa yenyewe haina gharama. Anza Alhamisi. Usiku huo lala dakika 20 kabla ya muda wako wa kawaida. Ijumaa punguza 20 nyingine, Jumamosi 20 nyingine. Ishirini mara tatu ni saa nzima, na Jumapili saa ya ukutani inakukuta umeshafika.

Hesabu hiyo hatukuiokota njiani. Mjenzi wa nyumba wa Uingereza, William Willett, aliyetoa kijitabu cha kulipigia debe wazo la kusogeza saa mwaka 1907, hakutaka saa zirushwe kwa mkupuo. Alipendekeza zisogezwe dakika 20 kila Jumapili kwa Jumapili nne za Aprili, jumla dakika 80. Akahangaika na Bunge miaka yote hiyo na kufariki 1915 bila kupata sheria. Mwaka uliofuata, vita vimepamba moto, Ujerumani ikasogeza saa nzima kwa usiku mmoja ili ibane matumizi ya makaa ya mawe. Uingereza ikafuata wiki chache baadaye, Marekani ikaingia 1918. Mkupuo wa wakati wa vita ndio tulioachiwa. Serikali haiwezi kugusa saa za taifa zima mara nne kwa mwezi, hilo tunalielewa. Lakini nyumbani kwako nani anakukataza?

"Mimi silali mapema, usingizi hauji." Hauji kwa sababu unaanzia kwenye mto badala ya kuanzia kwenye sufuria. Chakula cha jioni kimeliwa saa tatu na nusu, kikasindikizwa na chai ya rangi ya kikombe kikubwa, kisha ukajilaza kwenye kochi na simu mkononi, ukasikiliza voisi ya dakika saba ya shemeji kuhusu kiwanja. Halafu unataka saa nne na nusu uwe unakoroma? Sogeza chakula kwanza. Chai ya jioni iache siku hizo tatu, maana nayo ina kafeini kama kahawa, hata kama kikombe chake kina kidogo kuliko cha kahawa. Shemeji naye atajibiwa kesho, kiwanja hakihami.

Na usiku pekee hautoshi, amka pia dakika 20 mapema. Hapa ndipo wengi wanapofeli: wanalala mapema Alhamisi, Ijumaa wanaamka saa zilezile, Jumamosi wanajilipa kwa kulala mpaka saa nne asubuhi. Saa ya mwili kwa watu wengi ina mzunguko unaozidi kidogo saa 24, kwa hiyo ikiachwa yenyewe hupenda kuchelewa. Ndiyo maana kukesha ni rahisi kuliko kuwahi kulala, na ndiyo maana Machi inauma kuliko Oktoba. Kinachoiwahisha saa hiyo ni mwanga wa asubuhi. Fungua pazia, toka nje, katupe taka, mpeleke mtoto shule kwa miguu kama ni karibu.

Mwanga huo una siku zake. Chukua Columbus, Ohio, mji wenye Waafrika Mashariki wengi. Wiki moja kabla ya saa kusogezwa jua linachomoza saa moja asubuhi au pungufu kidogo, kwa hiyo mtu anayekwenda kazini analikuta njiani. Baada ya Jumapili ile, jua hilohilo linachomoza saa mbili kasoro dakika kumi hivi, na mtoto anasubiri basi gizani. (Saa zote humu tunazihesabu Kiswahili.) Anayeanza Alhamisi anaupata mwanga ungalipo. Anayeanza Jumatatu anautafuta ukiwa umeshahamishwa.

Watoto wadogo ni rahisi kuliko tunavyodai. Mtoto wa miaka minne hajui saa mbili ni nini, anajua utaratibu: kuoga, kula, mswaki, hadithi, taa. Sogeza kuoga dakika 20 na hayo mengine yatafuata yenyewe. Mzazi anayemwacha mwanawe na katuni mpaka saa nne Jumamosi, kisha Jumatatu anamfokea kwa kuchelewa kuvaa viatu, amfokee aliyeshika rimoti.

Tukifika kwenye Jumamosi, tuseme na kamati za sherehe. Kuna wakati wa kuoneana aibu na huu si mmojawapo. Kati ya Jumamosi zote za mwaka, kwa nini harusi, sendofu au harambee iwekwe usiku wa saa kusogezwa? Kadi imeandikwa saa kumi na mbili jioni, chakula kinatoka saa nne, keki inakatwa saa sita, wazee wanaombwa watoe neno ukumbi ukiwa unadaiwa funguo. Kwa Marekani, ikifika saa nane usiku inakuwa saa tisa hapohapo, na bado kuna mwendo wa gari wa kurudi nyumbani. Kesho yake kuna ibada, keshokutwa kuna kazi. Sogezeni wiki moja mbele, au mwanzo wa sherehe uwe ule ulioandikwa kwenye kadi.

Hili la gari si la kuchekea. Uchunguzi wa ajali za Marekani uliochapishwa 2020 ulikuta kwamba ajali zenye vifo huongezeka kwa asilimia 6 hivi katika siku za kazi za wiki inayofuata mabadiliko ya Machi. Anayeendesha basi au lori, au anayetoka zamu ya usiku na kushika usukani moja kwa moja, ajue hili ni suala la maisha yake na ya wenzake, si uchovu wa kawaida.

Waislamu wana zoezi hili mara mbili. Swala hufuata jua, saa ya ukutani inaposogezwa ratiba yote ya msikiti inaruka nayo. Mwaka 2025 Marekani ilisogeza saa Machi 9, ndani ya Ramadhani. Columbus waliofuturu Jumamosi saa kumi na mbili na nusu hivi walifuturu Jumapili saa moja na nusu. Funga haikuongezeka hata dakika kumi, lakini tarawehe ilimalizika saa nzima baadaye kwa saa ya kazini, na bosi hakusogeza muda wa kuripoti. Ulaya nao walisogeza Machi 30, siku ambayo Waislamu wengi kule walikuwa wanaswali Idd. Msikiti unaotangaza ratiba mpya Alhamisi, baada ya Isha, umewasaidia watu wake. Unaobandika karatasi mlangoni Jumapili umewasaidia waliokwisha kuchelewa.

Kuna wanaosema hawana haja ya kujizoeza kwa sababu mtindo huu uko njiani kufutwa. Bunge la Ulaya lilipiga kura 2019, 410 kwa 192, kwamba mwisho uwe 2021. Nchi wanachama hazikukubaliana, mwisho haukufika. Seneti ya Marekani ikapitisha Machi 2022 muswada wa kubaki na saa za kiangazi mwaka mzima, Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura. Sisi tunaunga mkono kufutwa, na tungependa zibaki saa za kawaida, zile zinazokwenda karibu na jua, kama madaktari wa usingizi wa Marekani walivyotoa msimamo wao 2020. Lakini anayelala na matumaini hayo ataamka amechelewa kazini.

Huku kwetu hatugusi saa, wala hatuna sababu. Nairobi iko karibu na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, ni dakika tu. Hata hivyo saa za wenzetu zinatugusa. Kijana wa Nairobi anayefanya kazi ya mtandaoni na ofisi ya New York ana kikao cha saa tatu asubuhi ya kule. Wakati wa baridi, kwetu hiyo ni saa kumi na moja jioni. Ikifika Machi inakuwa saa kumi jioni, naye yuko kwenye matatu, intaneti inakatika, anajieleza kwa watu ambao hawajui matatu ni nini. Ukiongeza kwamba Marekani hutangulia Ulaya kwa wiki mbili au tatu kila Machi, mwenye wateja New York na London anaweza kukosea kwa pande zote mbili ndani ya mwezi mmoja. Suluhisho ni sentensi moja kwenye mwaliko: kikao ni saa fulani, kwa saa za mji fulani. Taja mji. Mialiko mingapi tumeona imeandikwa "saa tatu" tu, watu kumi katika nchi nne wakiachwa wakisie?

Anayetaka kujifunza aende banda umiza. Tangu Agosti, mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayoanza saa tisa alasiri kule huonyeshwa huku saa kumi na moja jioni. Ikipita Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mechi ya muda uleule inakuja saa kumi na mbili. Mwenye banda haitishi semina. Anachukua kitambaa, anafuta ubao, anaandika saa mpya kwa chaki tangu Ijumaa, na anamwambia muuza chipsi jirani achelewe kuwasha jiko. Wateja wanafika kwa wakati. Kama yeye anaweza kwa ubao na chaki, mwenye simu ya laki nane anashindwa nini?

Imebaki Oktoba na Novemba, ambako watu hufurahia kuongezewa saa na kuipoteza usiku uleule kwa kukesha. Hapo fanya kinyume: watoto walale dakika 20 baadaye kila siku kuanzia Alhamisi, ama sivyo Jumapili watakuwa wamekurukia kitandani saa kumi na moja alfajiri. Na saa ya oveni na ya gari zirekebishe siku hiyohiyo. Kuna nyumba ambazo saa ya jikoni husema kweli nusu mwaka tu.

Kwa wale wa zamu ya usiku, wanaolea wazee, wanaopakia mizigo kwenye maghala, wauguzi: usiku wa saa kurudishwa una saa moja zaidi, na zamu ya saa nane inaweza kuwa ya saa tisa. Marekani, mfanyakazi wa malipo ya saa anastahili kulipwa muda wote aliofanya kazi, saa hiyo ikiwemo. Uingereza inategemea mkataba wako unavyosema. Usingoje hati ya mshahara ikutoe machozi. Muulize msimamizi wiki ile kabla, kwa ujumbe wa maandishi, naye akujibu kwa maandishi.