Kijana wa Chuo na Mfongo wa Babu

Juma lililopita alifika ofisini kwetu kijana mmoja, mwenyeji wa Kilimanjaro, anayesomea uhandisi wa maji chuoni. Tulimpa chai, tukamwuliza habari za masomo. Akatujibu kwa adabu lakini bila kuficha: dunia imebadilika, aliyefanikiwa ni yule aliyepata mshahara mnono, ikiwezekana ng'ambo, na utamaduni ni ngoma za kupokelea wageni wa serikali, haumfai kitu msomi wa leo.

Ndugu wasomaji, hatukumkasirikia. Zamani aliyemaliza chuo alikuta kazi inamngoja. Leo yeye ndiye anayeingoja kazi, na nyuma yake wadogo zake wanangoja ada. Kijana wa namna hiyo hahitaji kuhubiriwa.

Wala neno lake si jipya. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana mpaka Ikulu, majoho mwilini, kupinga sheria ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria iliwataka watumike miaka miwili, na kwa miezi 18 ya muda huo walipwe 40 kwa mia tu ya mshahara. Bango moja lilisema afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, wakarudishwa makwao; lakini hapo hapo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa 20 kwa mia. Twaomba mambo hayo mawili yakumbukwe pamoja, maana wengi hulitaja lile la kwanza tu. Wakubwa wa leo wanaowalaumu vijana kwa kupenda anasa, watuambie wao wamepunguza nini.

Tena wakubwa wamewahi kupotoka katika hili neno utamaduni. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia mjini Dar es Salaam. Wasichana wakasumbuliwa barabarani, na mwanamume mwenye suti na tai ya Kizungu akapita salama. Utamaduni wa kupimwa kwa futi kamba juu ya goti! Si ajabu kijana akiukimbia.

Basi tukamwuliza ndugu yetu: kihamba cha babu yako chapata maji wapi? Akacheka, akasema: mfongo. Naam, mifongo! Mifereji waliyoichimba Wachagga kutoka vijito vya mlimani, wakaishusha kwa kufuata mwinuko mpaka migombani. Wageni wa Ulaya waliofika huko karne ya 19 waliikuta ikifanya kazi. Na zaidi ya kuchimba palikuwa na kanuni: nani afungulie maji na siku gani, nani atoke kwenda kuzibua, na asiyetoka atozwe nini. Je, huo si uhandisi? Na je, huo si utamaduni? Tukamwuliza kama amepata kuusikia darasani hata siku moja. Akasema hapana.

Hilo si kosa la kijana. Tangu kidato cha kwanza twamfundisha kwa Kiingereza, lugha asiyoisema babu yake mwenye kuujua mfongo. Akirudi likizo hana maneno ya kumwuliza mzee, wala ya kumweleza aliyoyasoma. Na mzee naye amhitaji, maana dunia imembadilikia yeye pia: watu mlimani wamezidi, vihamba vimegawanywa vikawa vidogo, na mfereji wa udongo humwaga maji mengi njiani kabla hayajafika shambani. Kuuziba usivuje, bila kuziua zile kanuni za zamu, ni kazi ya kumtosha mhandisi. Akitaka kwenda ng'ambo, aende, hatumkatazi. Tungependa tu aende akiwa na kitu cha kuwafundisha wenyeji wake, si cha kuwaomba peke yake.

Alituaga akisema Desemba atapanda kwao kama kawaida ya Wachagga. Tumempa daftari, tukamwomba afuatane na wazee siku ya kuzibua, kisha atuandikie, kwa Kiswahili. Ukurasa wa tatu tumemwekea nafasi.